Namna ya kutazama igizo la visasili na matambiko: maneno ya mpiga muheme

Baada ya karibu kila onyesho hunifuata mtu wakati nazifunga ngoma zangu kwenye kanga, akaniambia, "Dada, ngoma zimenikosha, ila kisa chenyewe sikukielewa." Husema kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi aliyefeli. Huniuma, kwa sababu kosa si lake. Mtu amelelewa na tamthilia za runinga, zenye sebule, kochi na simu inayoita, halafu anaingia mahali ambapo hakuna hata kiti jukwaani, mwigizaji mmoja ni mto, mara mganga, mara mtoto mchanga, na hadithi imechimbwa kwenye visasili na matambiko ya wazee. Hakuna aliyemwambia ajiandae vipi.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma, napiga muheme, ngoma ya wanawake inayobanwa katikati ya mapaja. Nimepiga katika maigizo ya majaribio ya aina hii kwa miaka kumi na moja, na kutoka pembeni ya jukwaa huwa naiona hadhira kuliko inavyojiona yenyewe. Haya ndiyo ninayowaambia ndugu zangu wakitaka kuja.

Kijue kisa kabla hujaketi

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowanyima watu raha. Waongozaji wa maigizo haya hawakisimulii kisasili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanaamini unakijua kama unavyoijua njia ya kwenu, kwa hiyo wanaanzia katikati, wanaruka, wanageuza. Raha yote iko kwenye kuona wamegeuza nini.

Niliwahi kupiga katika igizo la Fumo Liongo lililofunguka kwa mwanamume aliyepiga goti mbele ya beseni la maji, upinde ameuvuta. Hakutamka neno. Sisi wapigaji tuliagizwa tuhesabu pumzi sitini ndipo tuguse ngoma. Safu ya mbele vijana wawili wakaanza kunong'onezana kwamba jamaa kasahau maneno. Nyuma yao mama mmoja wa mwambao alikuwa tayari amejifunika uso kwa mtandio. Yeye alijua. Liongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, hakuuliwa na mshale wala mkuki. Kilichomuua ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe mwenyewe aliyerubuniwa. Akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Kwa mama yule, zile pumzi sitini zilikuwa mji mzima wenye kiu. Kwa vijana wale zilikuwa mwigizaji aliyekwama.

Katika igizo hilo hilo mwanamke alipita polepole mbele ya hadhira akiwa na mkate wa wishwa kwenye ungo. Basi, akapita, akaondoka. Anayekijua kisa anakumbuka kwamba Liongo alikuwa gerezani, kwamba ndani ya mkate ule kuna tupa, na kwamba umeokwa kwa wishwa makusudi ili walinzi wasiutamani. Mtu huyo anasikia minyororo ikikerezwa kabla hatujaipiga sauti yenyewe.

Kwa hiyo ukiona tangazo, uliza swali moja: igizo hili limesimama juu ya kisa gani? Ukishajua, mtafute mtu mzima akusimulie, halafu mtafute mwingine akusimulie tofauti. Masimulizi mawili yanatosha. Usiogope kwamba utaharibiwa mwisho. Mwisho wa visa hivi hauna siri, bibi zetu walituambia mamia ya mara na bado tuliomba turudiwe.

Kuna visa utakavyokutana navyo mara kwa mara. Kimoja ni cha Ng'wanamalundi, kiongozi wa ngoma wa Usukuma aliyefungwa na Wajerumani, ambaye husemwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka. Emmanuel Mbogo alikifanyia tamthilia iliyochapishwa 1988. Mwigizaji akinyoosha kidole, usimtazame yeye. Watazame wenzake: wale wanaokauka taratibu mikono ikiwa juu ndio msitu. Kingine ni cha Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, kule Rufiji, ambaye ilisemwa alivutwa ndani ya maji na pepo Hongo akatoka akiwa mkavu, na ambaye dawa yake iliwaunganisha watu katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Dawa ile ilikuwa maji, mafuta ya mbono na mtama. Ukisikia punje zinamwagika kwenye bati gizani, hujaambiwa kitu bado, lakini umeshaambiwa vita.

Wala usidhani ni mtindo wa jana. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walianza zamani kuliacha jukwaa la Kizungu la pazia na kuta tatu, wakarudi kwenye utambaji na ngoma. Mmoja wao, Penina Muhando, aliandika tamthilia 1982 kuhusu wanawake wa kijiji wanaohangaika kuisimamisha nguzo moja, na nguzo ile siyo mti tu. Ukiujua mwendo huo, hutamlaumu kijana wa leo anayeweka kinu katikati ya jukwaa na kukuachia wewe ukijaze.

Siku yenyewe

Mahali pazuri pa kuanzia ni Bagamoyo. Chuo cha sanaa kilianzishwa pale 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake lilianza 1982. Kwetu Wagogo mji ule una uzito wa peke yake, kwa sababu Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, aliyefariki 2003, alifundisha na kuishi pale. Kutoka Dar magari yanapakia kituo cha Makumbusho, mwendo wa kama kilomita 70, lakini foleni ya Tegeta haijui kilomita. Ondoka mchana. Na tafuta pa kulala huko huko, nitaeleza baadaye kwa nini. Beba kanga au shuka, dawa ya mbu, na viatu vya kuvua haraka.

Fika mapema, saa nzima kabla. Utatukuta nje tunapasha ngoma moto. Watu hupita hapo wakidhani tunaota moto, na mimi hutamani kuwashika mkono niwaketishe. Tunawasha makuti makavu au maboksi, moto mwepesi usio na makaa mengi, na kila mtu anaielekezea ngoma yake usoni pa moto, anaizungusha, anaigonga kwa kidole kimoja. Ngozi iliyolala kwa unyevu wa bahari inasema kwa kinywa kilichojaa chakula. Inapokaza, sauti inapanda kidogo kidogo mpaka inatoa neno moja safi. Ukipasha mno, inapasuka, na usiku wako umekwisha. Mimi huweka sikio karibu kabisa na ngozi kwa sababu kuna mlio mdogo sana, kama wa kijiti kikavu, unaokuja kabla ya kupasuka, na mlio huo bibi yangu alinifundisha kuusikia nikiwa na miaka tisa.

Ukikaa hapo dakika kumi, masikio yako yatajifunza sauti ya kila ngoma. Chapuo ina yake, msondo una wake, muheme una wake. Baadaye ndani, gizani, utajua ni nani anayesema na lini amenyamaza. Hakuna kijitabu cha maelezo kitakachokupa hilo.

Mlangoni, tazama chini. Mara nyingi kuna mstari wa majivu au unga umechorwa sakafuni. Usiukanyage, hata kama ni njia fupi ya kufika kwenye kiti. Ukikuta mikeka imetandikwa duara, fahamu kwamba hakuna nyuma, na wale wanaokimbilia ukutani ndio kwa kawaida hufuatwa na waigizaji. Chagua mahali utakapoona miguu. Nasisitiza miguu. Uso wa mwigizaji unaweza kuwa na kinyago au chokaa, lakini njuga zilizofungwa miguuni zinaeleza kila kitu: amechoka, anadanganya, amegeuka kiumbe kingine. Ukikaa nyuma ya mtu mrefu ukaona vichwa tu, umeliona nusu.

Wakati linaendelea

Itikia. Mtambaji akisema "Paukwa", sema "Pakawa" kwa sauti, usimung'unye. Hatusemi hivyo kwa mapambo. Tunapima. Sauti yenu inatuambia tupige kwa kasi gani, tuingie kwenye tukio lijalo sasa au tuwasubiri.

Kuna usiku mmoja tulipiga mbele ya ukumbi uliojaa watu waliovaa vizuri, na kila "Paukwa" ilianguka sakafuni kama sarafu iliyopotea. Watu waliona haya. Mara ya nne akaitikia mtoto mmoja tu, wa miaka mitano hivi, aliyekuwa amepakatwa na baba yake. Mtambaji akaacha katikati ya jukwaa, akaenda akakaa chini miguuni pa yule mtoto, na sehemu yote iliyobaki ya hadithi akamsimulia yeye. Sisi ngoma tukapunguza, tukapiga kwa ncha za vidole. Ukumbi mzima ukainama ili usikie. Haikupangwa. Mpaka leo, tukilirudia igizo lile, sehemu ile inachezwa hivyo.

Kisha kuna kurudiarudia. Litakuja tukio litakalorudiwa hadi uchoke. Nilipiga katika moja ambapo wanawake wanane walitwanga kinu kitupu kwa wimbo wa mistari miwili, wakarudia, wakarudia. Watu wakatoa simu. Lakini kila mzunguko mchi mmoja ulilazwa chini bila sauti na mwenye nao akatoka kinyumenyume, na mdundo ukabaki na pengo mahali pake, mpaka akabaki mwanamke mmoja anatwanga peke yake akisubiri zamu saba zisizokuja. Waliokuwa kwenye simu waliinua vichwa wakaulizana, "Wale wengine wameenda wapi?" Tambiko lolote linafanya kazi kwa kurudia, na maigizo haya yamerithi hilo. Ukichoka, hesabu. Hesabu miguu, hesabu sauti, tafuta kilichopungua tangu mzunguko uliopita. Kuna kitu kinabadilika, nakuhakikishia.

Jingine la kusikiliza ni ngoma ndogo. Ikinyamaza ghafla huku kubwa inaendelea, usitutazame sisi. Tazama mlango, au tazama mtu ambaye hajasogea kwa muda mrefu. Ndipo jambo linapotokea.

Na kuhusu kupandwa na pepo. Tukio hili lipo katika maigizo mengi, na watazamaji huniuliza, "Yule dada, ni kweli au anaigiza?" Anaigiza, na ameifanyia mazoezi miezi. Utaona yupo mwenzake aliyekaa nyuma yake kiunoni, mkono mmoja uko tayari kushika kanga isifunguke na kichwa kisigonge sakafu. Huyo mshikaji ndiye wa kumtazama, kazi yake ni nzuri mno na hakuna anayempigia makofi. Lakini midundo ile ni midundo kweli, na mara mojamoja mtu katika hadhira inamshika. Ikitokea jirani yako anatetemeka, usimrekodi na usimpigie kelele za maombi. Mpishe nafasi, msogeze mbali na ngoma kubwa, mwite mhusika wa ukumbi. Sisi tukiona, tunashusha mdundo taratibu. Hatukati ghafla, kwa sababu kukata ghafla ndiko kunakomwangusha mtu.

Kuhusu vitu ambavyo si vyetu kuvionyesha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Muheme haukuzaliwa jukwaani. Ulikuwa, na bado uko, kwenye shughuli za jando na za wanawake. Mwongozaji mwenye adabu analijua hilo, kwa hiyo hulibadilisha tambiko makusudi kabla ya kulileta mbele ya watu: neno moja linaachwa, rangi ya kitambaa inageuzwa, mpangilio unapinduliwa. Usitoke ukumbini ukasema, "Leo nimeona jando la Wagogo." Umeona igizo lililoegemea jando, lenye mashimo yaliyochimbwa kwa heshima. Mashimo yale ni sehemu ya uzuri wake.

Wengine hawana adabu hiyo. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja kilinikodi. Siku ya kwanza ya mazoezi nikausikia wimbo wa akina bibi wa kijiji jirani na chetu, wimbo wa ndani, ule ambao huimbwa mlango ukiwa umefungwa, na maneno yote yamo, hata lile la mwisho. Walikuwa wameurekodi kwa simu kwa ahadi ya kurudi kuzungumza na wazee. Hawakurudi. Nikarudisha nauli waliyonipa, nikapanda basi. Bibi mmoja wa kijiji kile aliposikia wimbo wake ukitoka kwenye simu ya mjukuu, aliacha kuimba kabisa, na alikuwa na sauti ambayo sijapata kuisikia tena.

Ndiyo maana nakuomba, onyesho likiisha na mjadala ukafunguliwa, uliza: "Wimbo huu mmeutoa wapi, na ni nani aliyewaruhusu?" Uliza kwa upole. Kikundi kizuri kinalipenda swali hilo, kitakutajia kijiji na kitakueleza kiliacha nini. Ukiuliza wewe, na akauliza mwenzako, wasioomba ruhusa wataanza kuomba.

Ni hivyo hivyo kwa vinyago. Katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mchezaji hufunikwa mwili wote, na yule aliye ndani hatajwi. Ukiletewa kinyago cha mapiko ndani ya igizo, usimuulize mtu jina la mchezaji, usimfuate nyuma ya pazia, na usipige picha akiwa anavua. Hata kama yeye mwenyewe ni kijana wa mjini asiyejali, yuko bibi au babu mahali fulani anayejali.

Simu kwa jumla: uliza kabla ya kuanza. Kutuza nako kuna wakati wake. Kwenye ngoma ya kijijini unainuka unambandika mtu noti kwenye paji la uso, na ni heshima. Katikati ya igizo, ukimbandika noti mwanamke anayemwombolezea mwanawe, umemwondoa kwenye maombolezo. Subiri kanga itandikwe mwishoni. Weka ulichonacho, piga kigelegele, inatosha.

Usikimbilie gari

Nilisema utafute pa kulala. Sababu ni kwamba nusu saa baada ya onyesho ndiyo saa bora ya usiku. Waigizaji wametoa maleba, wanakunywa chai, wana hamu ya kuzungumza na mtu yeyote ambaye hakusema tu "hongereni". Mwambie mmoja wao kitu kimoja ulichokiona. Mwambie "niliona ulipoulaza mchi". Omba kuigusa ngoma. Wengi wetu tutakupa.

Bibi yangu mzaa mama alikuja kunitazama mara moja tu, Dar es Salaam. Nilikuwa na hofu. Niliogopa atauona muheme wake umevuliwa nguo mbele ya watu. Alikaa mkekani, fimbo pembeni, uso haueleweki. Tulipofika kwenye wimbo tulioukata maneno, pale penye shimo, akasimama akapiga kigelegele kirefu, kisha akaketi kimya. Lile neno hakulisema. Hadhira ikadhani ni mmoja wetu.

Watu walipotawanyika, mwongozaji akaja kumwamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Yule binti aliyekaa kushoto kwa mjukuu wangu ni wa wapi?" Alikuwa mwanafunzi, mwenyeji wa Moshi, mwaka wa kwanza wa kushika muheme. Akaitwa, akaja akitetemeka. Bibi akaikunja kanga yake, akaketi kwenye ngazi ya jukwaa, akaipokea ngoma ya yule binti na kuibana kati ya magoti yake yenye baridi yabisi. Akapiga mara tatu, akasikiliza.

"Mkono wako wa kushoto unachelewa, mwanangu. Kaa hapa."